Kutoka Stesheni ya Moshi hadi Ziwa Chala: Historia Tunayoipita kwa Basi

Kila mwisho wa mwaka, watu wetu wanapokuwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi na kabla hawajatawanyika tena kwenda Dar es Salaam, Arusha, Dodoma, Nairobi na ng'ambo, umoja wetu hutenga siku moja ya safari. Tunakodi basi dogo aina ya Coaster, tunapakia wanafunzi, wazazi wao na wazee wachache wanaojua mambo ya kale, na tunazunguka upande wa mashariki wa mlima wetu: Moshi, Old Moshi, Himo, Marangu, Mwika, Rombo, Ziwa Chala, Holili, na kurudi Moshi kabla ya chakula cha usiku. Wanachama wengi waliokosa nafasi wametuomba tuandike yale yanayosimuliwa ndani ya basi hilo. Tumeona kijitabu hiki cha harambee ndicho mahali pake.

Hatuandiki ili kuisifia mandhari. Mandhari tunayo bure, tumezaliwa ndani yake. Tunaandika kwa sababu katika kila kituo cha safari hii tunakuta kitu kilichojengwa kwa nguvu za pamoja na watu waliokuwa maskini kuliko sisi. Na kila mwaka kuna mtoto mmoja anayeuliza swali ambalo wakubwa hawalijibu haraka: "Na ninyi mlijenga nini?"

Stesheni: mji ulioshuka mlima

Tunaanzia stesheni ya reli ya Moshi, saa moja asubuhi, Kibo akiwa bado hajajifunika. Watoto wengi hudhani mji wa Moshi umekuwa hapo siku zote. Sivyo. Moshi ya kwanza ni ile ya juu, tunayoiita leo Old Moshi, makao ya Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Wajerumani nao walijenga boma lao huko huko juu. Kilichoushusha mji ni reli. Njia ya reli kutoka Tanga ilifika hapa chini mwaka 1911, na kwa kuwa treni haiwezi kupanda vilima vyetu, ofisi, maduka na watu wakaifuata. Jina likashuka nao.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza reli hii iliunganishwa na ile ya Kenya kupitia Taveta na Voi, na kahawa yetu ikapata njia ya pili ya kwenda baharini. Wazee wetu walisafiri kwa treni kwenda kutafuta kazi na shule. Baadaye treni ya abiria ikakoma, na kizazi kizima kikakua kikiyaona mataluma kama mahali pa kupitishia mbuzi. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika tena Moshi, na baadhi ya wanachama wetu wakaja nayo kwa ajili ya Krismasi.

Kabla ya kuondoka mjini tunapita mbele ya jengo la KNCU. Hapo hatushuki, lakini tunawaambia watoto walikumbuke jina hilo, maana tutalirudia tukiwa Marangu.

Tsuduni: mti wa Mangi Meli

Kutoka Kiboriloni tunapanda barabara ya Kidia hadi Tsuduni. Basi hunyamaza hapo hata kabla ya dereva kuzima injini. Ndipo ulipo mti unaokumbukwa kuwa Mangi Meli alinyongwa juu yake tarehe 2 Machi 1900.

Meli alikuwa mtoto wa Rindi, na alirithi kiti akiwa kijana baada ya baba yake kufariki mwaka 1891. Mwaka uliofuata wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi na kuishinda Moshi. Miaka saba baadaye Meli alishtakiwa kwa kupanga njama ya kuwaasi, akanyongwa pamoja na Mangi Ngalami wa Siha, Mangi Molelia wa Kibosho na wengine. Jumla yao walikuwa 19.

Familia yake imesimulia siku zote kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na kwa miaka mingi wajukuu wamekuwa wakidai kirudishwe. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewatambua ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro. La Meli halikuwamo. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Rais wa Ujerumani alikwenda Songea na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na nchi yake wakati wa Vita vya Majimaji. Familia ya Meli inaendelea kungoja.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo sisi wa upande wa Vunjo hatupendi kuisimulia, lakini tumekubaliana kuisema ndani ya basi kila mwaka. Wanahistoria walioandika habari za mamangi wanaeleza kwamba Mangi Marealle wa Kwanza wa Marangu, rafiki mkubwa wa Wajerumani, alihusika katika kuwajengea wenzake tuhuma hizo, na kwamba baada ya kunyongwa kwao nguvu zake ziliongezeka hadi Rombo. Mamangi wa wakati ule walikuwa wakishindana kwa ng'ombe, kwa njia za misafara na kwa mipaka, na mgeni mwenye bunduki aliyajua hayo na kuyatumia. Mwaka mmoja wanafunzi wawili, mmoja wa Old Moshi na mwingine wa Marangu, walitazamana bila kusema neno hadi mzee mmoja alipochuma jani la sale pembeni mwa njia na kumpa kila mmoja wao kipande. Waliolelewa nyumbani hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Waliolelewa mjini walielezwa: sale ni jani la amani na la kuombana msamaha, na aliyepewa sale hawezi kukataa kusikiliza.

Kilema: mtu aliyeona theluji na mche wa kahawa

Tunarudi barabara kuu, tunapita Uchira, tunafika Himo na kuanza kupanda kuelekea Marangu. Upande wa kushoto, juu, ni Kilema, mahali palipoingiza mambo mawili makubwa katika historia yetu.

La kwanza ni la mwaka 1848. Mmisionari Johannes Rebmann alikuja kutoka Rabai, karibu na Mombasa, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima na kutambua kwamba ni theluji, kisha akapokelewa na Mangi Masaki wa Kilema. Alipoandika habari hiyo, wataalamu wa Ulaya walimcheka: theluji gani karibu na ikweta? Wazee wetu hawakuhitaji ushahidi wa mtu. Walikuwa wakiutazama weupe ule kila walipoamka, na waliwaambia watoto wao kwamba Kibo ndiko baraka zinakotoka, ndiyo maana aliyefariki alizikwa akielekezwa Kibo.

La pili ni kahawa. Mapadri Wakatoliki waliofungua misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 walipanda miche ya kahawa. Kutoka hapo mche ukaingia kwenye vihamba, chini ya kivuli cha migomba, na ukakuta mahali pake kana kwamba uliumbwa kwa ajili ya udongo wetu.

Marangu: maji na ushirika

Marangu Mtoni tunashuka kunywa chai, kisha tunatembea hadi maporomoko ya Kinukamori. Watoto hupenda hadithi ya msichana aliyekuja kujitupa hapo kwa kuogopa aibu, akabadili nia, akageuka na kumkuta chui nyuma yake. Tunawaacha waifurahie hadithi, kisha tunawageuza watazame pembeni, yanakotoka maji mengine, yale yasiyoporomoka. Hayo ni ya mfongo.

Mfongo ni mfereji unaochepusha maji ya mto huko juu, karibu na msitu, na kuyatembeza kwenye ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana hadi yafike kwenye vihamba vilivyo mbali na mto. Hakuna pampu. Mkono uliochimba ulijua kwa macho tu ni wapi maji yatakubali kupita. Wageni wa karne ya 19 waliopanda mlima huu waliandika kwa mshangao kuhusu mifongo. Waliikuta kazi hiyo imeshakamilika.

Mfongo haukuwa wa mtu mmoja. Waliouchimba na wazao wao walikuwa na haki ya maji, na haki hiyo ilitunzwa kwa kazi. Kila mwaka, kabla ya kiangazi, baragumu lilipopigwa, kila nyumba ilitoa mtu kwenda kuzibua tope, kukata mizizi na kujenga upya banio lililobomolewa na mafuriko. Asiyekuja alitozwa pombe au mbuzi, na akikaidi, zamu yake ya maji ilipita. Maji ya usiku yalihifadhiwa kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, ili asubuhi yagawiwe. Huo ndio msaragambo wetu wa kwanza. Shule, makanisa, zahanati na barabara za vijijini zilizokuja baadaye zilitumia utaratibu ule ule, zikabadilisha tu kinachojengwa.

Ushirika wa kahawa nao ulizaliwa hivyo hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakulima wetu walianza kulima kahawa kwa wingi, na afisa mmoja wa Kiingereza, Charles Dundas, akawatia moyo. Walowezi hawakupenda. Walitaka kahawa ya arabika ibaki zao lao, na walitaka watu wetu wawe vibarua mashambani mwao. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha wapandaji, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya vijijini, ambao umehesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vya kwanza vya Waafrika katika bara hili. Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kikafunguliwa Lyamungo.

Jengo tulilolipita asubuhi pale mjini lilitoka kwenye debe la kahawa lililobebwa kichwani na mama zetu hadi kwenye mizani. Karo za wengi wa wazazi wetu zilitoka hapo pia. Mwaka 1963 Moshi ikapata Chuo cha Ushirika, ambacho leo ni chuo kikuu. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuvirudisha miaka ya 1980, lakini bei ya kahawa na imani ya mkulima hazikurudi kama zamani. Wengi walikata mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Wengine walifunga nyumba wakaondoka.

Marangu ni pia mlango wa wapanda mlima. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na Marangu inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye kijana aliyewaongoza njia. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge na bendera ya Tanganyika huru huko huko juu. Nyuma ya kila jina la namna hiyo wapo wagumu, vijana wetu wanaobeba mizigo ya watu wengine hadi kwenye baridi kali. Katika basi letu karibu kila mwaka yupo mtoto ambaye karo yake hulipwa na mgongo wa mgumu mmoja.

Mwika hadi Keni: nyumbani, na ukuta wa Horombo

Kutoka Marangu barabara inazunguka bega la mlima kuelekea mashariki. Tulio na umri tunaikumbuka kabla ya lami: wakati wa masika gari lilisukumwa kuliko lilivyopandwa. Leo dakika chache tu na tuko Mwika, nyumbani, ambako mama zetu wanakuwa wameandaa kiburu, machalari na mbege kwa wakubwa. Hapo tunakula.

Kama hakuna ukungu, baada ya chakula tunasimama ukingoni na kutazama bondeni. Tambarare inaenea hadi Taveta na nyanda za Tsavo, milima ya Upare imesimama upande wa kusini, na chini yake Ziwa Jipe linang'aa kama kipande cha bati. Mzee wetu mmoja husema ndiyo ramani nzuri kuliko zote alizowahi kuziona shuleni, kwa kuwa haina mistari.

Ng'ambo kidogo ya Mwika tunaingia Rombo. Wilaya hii inachukua jina la Mangi Horombo wa Keni, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 19, kabla mgeni yeyote wa Ulaya hajafika. Horombo alizikusanya himaya ndogo ndogo za mashariki chini yake, na aliwatoza watu wake kazi ya pamoja: kila walioshindwa walikuja Keni kujenga ngome za mawe. Alifariki vitani dhidi ya Wamasai, na alichokiunganisha kikasambaratika. Wapanda mlima wa dunia nzima hulala kwenye kibanda cha Horombo kwa jina lake, lakini ni vijana wachache wa Rombo wanaoweza kueleza alikuwa nani. Sisi watu wa Mwika hatuna haki ya kuwacheka. Wetu nao wanatajiwa majina ya mababu zao, wanatikisa mabega.

Upande huu mlima ni mkavu zaidi. Mito ya kudumu ni michache, mvua ni haba kuliko Marangu, na kwa vizazi vingi mama wa Rombo alitembea mbali kwa ndoo moja. Ng'ombe alipewa vigogo vya mgomba vilivyokatwakatwa ili apate maji yaliyomo. Mabomba yanayoshuka kutoka msituni yamepunguza adha hiyo, hayajaimaliza. Tunawaonyesha watoto tofauti hii kwa makusudi. Mtu aliyekulia penye mfongo hudhani maji ni haki ya kuzaliwa.

Ziwa Chala: maji yasiyo na mto

Kutoka Mkuu tunashuka ukanda wa chini, migomba inapungua, mahindi na alizeti vinaanza, hewa inakuwa ya joto. Kisha ardhi inakatika ghafla, na chini yake kuna maji ya kijani na buluu yaliyozungukwa na kuta za mwamba pande zote. Hata waliolala ndani ya basi huamka.

Ziwa Chala limo ndani ya kreta ya volkano. Hakuna mto unaoonekana ukiingia wala ukitoka. Maji yake ni mvua ya Kilimanjaro iliyozama kwenye mwamba huko juu na kutokeza hapa kwa njia za chini ya ardhi. Kina chake kinapita mita 90. Watu wa pande zote mbili husimulia kwamba palikuwa na boma la Wamasai mahali hapa, likazama lote usiku mmoja, na kwamba ukitega sikio unaweza kusikia ng'ombe wakilia chini ya maji. Charles New, mmisionari aliyefika hapa mwaka 1871, mwaka ule ule aliopanda Kilimanjaro hadi kugusa theluji, aliikuta simulizi hiyo tayari. Kuogelea tunakataza kabisa. Ziwa hili limewahi kuwa na mamba, na mwaka 2002 msichana mmoja kutoka Uingereza aliuawa na mamba ndani yake.

Wanasayansi nao wanakuja hapa kusikiliza ya zamani, kwa namna yao. Kwa sababu ziwa lina kina na limetulia, matope hutuama chini yake tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2016 watafiti walichoroa zaidi ya mita 200 za matope hayo na kupata kumbukumbu ya hali ya hewa ya kiasi cha miaka 250,000. Humo wanasoma nyakati za mvua nyingi na nyakati za ukame mkali, muda mrefu kabla ya babu wa babu yetu. Tulipowaeleza wanafunzi hayo, mmoja alisema ziwa linatunza kumbukumbu kuliko ukoo wake. Hatukucheka.

Katikati ya ziwa hili unapita mpaka. Nusu ni Tanzania, nusu ni Kenya. Watu wengi bado wanaamini kwamba Malkia Victoria alimpa Kaisari wa Ujerumani mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu isiyo kweli. Mpaka ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886: mstari ulitolewa pwani hadi Ziwa Jipe, ukapitishwa kati ya Taveta na Uchagga, ukazunguka mlima upande wa kaskazini na kuendelea hadi Ziwa Viktoria. Waliochora hawakuuliza ng'ombe wa nani ananywa wapi.

Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Machi 1916 majeshi ya Waingereza na Waafrika Kusini yalivuka kuja huku, kikosi kimoja cha farasi kikizunguka kupitia Chala hapa tunaposimama, na Moshi ikatekwa siku chache baadaye. Waliobeba risasi na chakula cha pande zote mbili walikuwa watu wetu na majirani zetu, na wengi hawakurudi. Mpaka uliwaumiza watu tena mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa hadi mwaka 1983. Shangazi aliyeolewa Taveta au Oloitokitok akawa mgeni wa nchi nyingine. Misiba ilizikwa bila ndugu, au ndugu walikuja usiku kwa njia za panya. Kwa hiyo basi linaporudi kupitia Holili, na watoto wakiona malori yanavuka mchana kweupe, tunawaambia kwamba hilo nalo lina historia.

Maji yanakwenda wapi

Njiani kurudi Moshi tunakamilisha hesabu ya maji. Mto Lumi unatoka kwenye miteremko ya Mawenzi na kuingia Ziwa Jipe. Kutoka Jipe maji yanatoka kwa jina la Ruvu na kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, ambako yanakutana na ya Kikuletwa kutoka upande wa pili wa mlima na kutoka Meru. Kisha yanakuwa Mto Pangani, yanazalisha umeme Hale na Pangani, na kuishia Bahari ya Hindi. Taa inayowaka nyumba fulani Tanga ina tone la mlima huu.

Ziwa Jipe sasa linasongwa na matete na kujaa tope linaloshuka kutoka milimani, na wavuvi wake wanalalamika. Huko juu, barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imepungua kwa kiasi cha asilimia 85 ifikapo mwaka 2007. Lakini wataalamu wanatukumbusha kwamba mito yetu inalishwa zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu kuliko na barafu. Barafu hatuna uwezo wa kuirudisha. Msitu na banio viko mikononi mwetu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wa nusu maili ili wanavijiji wapate kuni na mbao bila kuugusa msitu wa ndani. Anayetembea juu ya vijiji vyetu leo ataona mwenyewe ni sehemu gani bado imesimama.

Kilichobaki kwetu

Sasa tunarudi kwenye swali la yule mtoto.

Mfongo unaopita juu ya kijiji chetu bado upo, lakini banio lake limeliwa na mafuriko, na maji hayafiki tena kwenye vihamba vya chini. Zamani baragumu lilipopigwa zilitoka nyumba zote. Sasa nyumba nyingi zina mlinzi, au zina bibi peke yake, na bibi hawezi kubeba mawe ya mtoni. Wazee wanaojua mfongo ulivyogawiwa, zamu ya nani ilifuata ya nani na kwa nini, wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wakiondoka bila kuandikwa, ugomvi wa maji na wa mipaka ya vihamba utakwenda mahakamani mikononi mwa watu wasiojua lolote, na gharama yake itazidi mchango wowote tunaouomba hapa.

Kwa hiyo harambee ya mwaka huu ina mambo matatu. La kwanza ni kujenga upya banio kwa mawe na saruji na kuzibua mfongo hadi mwisho wake. La pili ni kurekodi na kuandika masimulizi ya wazee wetu, yakiwemo yale yasiyotupendeza, na kuyahifadhi kwenye maktaba za shule zetu za sekondari. La tatu ni kulipia viti vya wanafunzi wasio na uwezo katika safari ya Desemba, kwa sababu mpaka sasa wanaopanda basi hili ni wale tu ambao wazazi wao wanaweza kulipa. Hao mara nyingi ndio watakaoondoka. Watakaobaki kuutunza mfongo hawajawahi kuliona Ziwa Chala.

Aliye mbali atume mfuko wa saruji, na mweka hazina wetu atampa stakabadhi. Aliye karibu atatoa siku zake. Msaragambo wa banio utafanyika siku mbili baada ya Krismasi, kila nyumba mtu mmoja na jembe moja, na nyumba iliyofungwa ndugu wa jirani atawakilisha. Siku inayofuata basi litaondoka stesheni ya Moshi saa moja asubuhi. Tunawaomba wazee waliopanga kuja wakae viti vya mbele, karibu na watoto.